Mwongofu wa Chumba cha Mwisho

Mpaka leo sijajua ni nani aliyetuitikia mle ndani. Nimeliwaza jambo hili nikiwa shambani, nikiwa jikoni, hata kanisani wakati wenzangu wanaimba. Tulipiga hodi, tukaambiwa karibuni. Tuliomba, tukajibiwa amina. Na muda wote huo kufuli lilikuwa nje ya mlango, kubwa, lenye kutu, limefungwa.

Mimi naitwa Frida. Kwetu ni Ileje, milimani, mahali ambapo ukungu huingia ndani ya nyumba ukiacha mlango wazi. Niliyekuwa naye siku hiyo ni Justina, mke wa mdogo wangu Yesaya. Justina alifiwa na mama yake, mama Enesi, mwaka juzi wakati wa kupalilia mahindi. Tangu hapo hakuwahi kukosa safari ya kushuhudia. Wengine walisema ameshika sana dini. Mimi niliona kama mtu aliyepoteza kitu na anageuza kila jiwe.

Kila mwaka baada ya mavuno, kanisa letu hukodi gari tukashuhudie Tunduma, nyumba kwa nyumba. Mchungaji Andongwisye hutugawa wawili wawili. Ana masharti mawili tu. Mlango ukiitikiwa, hamwondoki bila kuomba. Na aliyeokoka unamkaribisha kwetu, kwa jina lako mwenyewe, ajue kuna mtu anayemngoja.

Asubuhi ya safari, mzee Eliudi alikuja kutuaga. Yeye ni mzee wa kanisa, tena baba mdogo wa Justina, na hupeleka maharage Tunduma. Aliinamia dirisha la gari.

"Msipoteze muda mitaa ya nyuma ya maegesho ya malori," alisema. "Kule ni walevi watupu."

Mchungaji akacheka. "Mzee, si ndio tunaowafuata?"

Eliudi hakucheka.

Mimi na Justina tukapangiwa mitaa hiyo hiyo.

Jua lilikuwa linazama tulipofika mtaa wa mwisho. Siku nzima tumemeza vumbi. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, hayasogei, na madereva wamekaa chini ya trela wanapika ugali. Mmoja, Mzambia mwenye kofia ya sufu, alitupungia mwiko, akatusalimia Kibemba.

"Mulishani, ba mayo! Mnauza nini?"

"Hatuuzi," Justina akamjibu. "Tunagawa."

"Eeh! Mnagawa nini?"

"Habari njema."

"Mimi habari njema ni geti kufunguliwa tu." Wenzake wakaangua kicheko. Lakini alichukua kipeperushi, akakikunja vizuri, akakiweka mfukoni mwa shati. Justina alifurahi kama amepewa zawadi.

Nikamwambia turudi, gari litatuacha. Akasema, "Wifi, nyumba moja tu. Ile pale."

Ilikuwa nyumba ya kupanga, ndefu, yenye korido katikati na vyumba huku na huku. Umeme ulikuwa umekatika. Tukaingia tukipapasa ukuta. Tulipiga hodi mlango wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Milango mingine ilikuwa wazi na vyumba vitupu, hata godoro hakuna. Nikaanza kusikia harufu. Sikuitambua mara moja. Kitu kilicholowa, kikavunda... Kisha nikaijua. Pumba za mahindi, zile tunazowapa nguruwe.

Tukafika chumba cha mwisho.

"Hodi," Justina akaita.

Kimya.

"Hodi hapa!"

Kitu kikasogea ndani. Kikajikokota sakafuni, taratibu, kikaja mpaka nyuma ya mlango.

"Karibuni."

Sauti ya mwanamke. Ya chini, yenye mkwaruzo, kama mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Asante, mama," Justina akasema. "Utatufungulia?"

"Mlango haufunguki."

Nilidhani ni mgonjwa, au mume kamkataza. Mjini watu hawafungulii wageni jioni, na siwalaumu. Nikamnong'oneza Justina tuondoke. Akatikisa kichwa. Mlango ulikuwa umeitikiwa.

Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji, mdomo karibu na ubao. Akamweleza yule mama habari za Yesu kwa maneno machache. Huwa anaeleza vizuri, bila kelele. Kisha akamuuliza kama angependa kuomba.

Kitu kikajikokota kidogo.

"Nikiomba, nitatoka?"

Justina akanitazama.

"Atakutoa," Justina akajibu. "Fuatisha maneno yangu. Sema, Bwana Yesu."

"Bwana Yesu..."

"Mimi ni wako."

Hapo pakawa na pumzi tu. Nzito. Ikigonga ubao.

"Mimi si wangu," sauti ikasema. Kisha, kama mtu anayesukuma mzigo, "Mimi ni wako."

Wakaendelea hivyo, sentensi kwa sentensi. Mwisho sauti ikasema amina, nami nikasema amina. Justina alikuwa analia kwa furaha. Akafanya kama tulivyofundishwa.

"Mama, sasa una ndugu. Jumapili karibu kwetu Ileje."

"Nani ananikaribisha?"

"Mimi."

"Sema jina."

"Mimi Justina. Karibu kwangu."

Kucha zikaanza kukwaruza ubao kwa ndani, polepole, kutoka juu kushuka chini.

"Justina... kile kikohozi kilipona?"

Nilimwona wifi yangu akiinuka kutoka sakafuni kama mtu aliyemwagiwa maji. Kabla hajatamka neno, mwanga wa simu ukatumulika kutoka mlango wa mbele.

"Nyie! Mnaongea na nani huko?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, kanga mbili, na ndoo kichwani. Akaja mpaka tulipo. Mwanga ukapanda mlangoni.

Ndipo tulipoliona kufuli.

"Kuna mama humu ndani," nikasema.

"Hamna mtu humo. Mimi ndiye mwenye nyumba. Loisi. Uliza mtaa mzima. Humo ni stoo ya mtu."

"Tumeomba naye sasa hivi."

"Ni panya, mama yangu."

"Panya hasemi amina."

Loisi akatua ndoo. Akatazama nyuma, kisha akashusha sauti.

"Sikilizeni. Mimi mjane. Wapangaji wote wamenikimbia, huyu tu ndiye amebaki. Akija, anakuja na funguo yake. Akiondoka, anaondoka nayo. Sijawahi kuingia humo tangu apange. Sitaki kuingia."

"Mpangaji ni nani?" Justina aliuliza.

"Mzee mmoja wa huko huko milimani. Anahifadhi maharage. Eliudi."

Justina akaukamata mkono wangu. Nilidhani atavunja vidole vyangu. Kisha akaupigia mlango ngumi, mara nyingi, akiita "Mama! Mama!" Hakuna aliyejibu. Tuliweka masikio kwenye ubao sote watatu, hata Loisi. Hakukuwa na pumzi wala mkwaruzo.

Harufu tu.

Tulimpata Mchungaji garini, anahesabu watu wake. Justina akamwomba arudi naye wauvunje mlango. Alimsikiliza mpaka mwisho, na niliona usoni mwake kwamba anaogopa. Akasema hatuwezi kuvunja mlango wa mtu katika mji usio wetu, giza linaingia, na barabara ya Ileje si ya kusafiri usiku. Akasema tutaliombea. Tukaliombea, pale pale, injini ikinguruma. Kisha tukaondoka.

Njiani Justina akanilalia begani. "Wifi. Ile sauti umeitambua?"

Ningependa kusema sikuitambua. Mama Enesi alikuwa jirani yetu kwa miaka mingi. Aliimba sauti ya pili kwaya moja na mimi. Na kikohozi cha Justina kilianza wiki ya mwisho ya uhai wa mama yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimchemshia majani ya mpera.

"Nimeitambua," nikasema.

Nitaeleza jambo lililotutafuna, kwa sababu asiyejua atatuona wapumbavu. Mama Enesi alikufa ghafla, asubuhi mzima, jioni maiti. Siku ya mazishi mvua ilinyesha vibaya, na jeneza halikufunguliwa watu wamuage. Aliyesema lisifunguliwe ni shemeji yake, Eliudi. Mvua ilikuwa ya kweli, sote tulilowa. Lakini kwetu kila mtoto amesikia habari za msukule. Anayechukuliwa hafi. Kinachozikwa ni mgomba uliovikwa sanda, watu wakauona kama maiti, wakalia, wakatupia udongo. Mwenyewe anabeba mizigo ya mtu usiku, analishwa pumba, na chumvi haonjeshwi kamwe, maana akionja chumvi atakumbuka kwao.

Wanasema pia hukatwa ulimi. Hapo ndipo ninaposhindwa. Yule aliongea.

Jumapili ilipofika Justina alikaa benchi la nyuma, akaacha nafasi pembeni yake. Hakuja mtu. Niliona ameishika kanga ya mama yake mapajani, ameikunja, kama tunavyomshikia mgeni kiti.

Wiki haikuisha. Jioni moja nilikwenda kwake kuazima ungo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya kahawa. Nikamkuta jikoni anapakua mboga ya maboga kwenye bakuli. Nikadokoa, kama tunavyodokoleana. Haikuwa na chumvi hata chembe.

"Wifi, umesahau chumvi."

"Sijasahau."

"Unampikia nani?"

Akaendelea kupakua. "Mama. Nilimwekea chumvi siku ya kwanza, akalia sana. Akasema inamchoma. Akasema nimzoeshe kidogo kidogo."

Akatoka na bakuli, akaliweka nyuma ya jiko, akarudi, akafunga mlango. Akaweka kidole mdomoni.

Tukakaa.

Ukuni ukapasuka motoni. Mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata kivuli chake, akanyamaza katikati ya mbweko.

Kisha nikasikia kutafuna.

Nje. Nyuma ya ukuta. Kutafuna kwa mtu asiye na haraka. Kisha harufu ile, ikipita chini ya mlango...

Justina alikuwa anatabasamu. Machozi yanamtoka na anatabasamu. Nikasimama, nikafungua mlango, nikazunguka nyuma nikiwa nimeshika kinga cha moto. Hapakuwa na mtu. Bakuli lilikuwa tupu, limelambwa, bado la moto. Inawezekana alikuwa mbwa. Nilijiambia ni mbwa mpaka nilipofika kwangu, na nilipofika kwangu nikafunga mlango kwa komeo na meza.

Siku ya pili nikamweleza Yesaya. Mdogo wangu ni fundi ujenzi, mtu wa maneno machache.

"Najua, dada," akasema. "Usiku anaongea naye dirishani. Mimi najifanya nimelala."

"Na wewe unasikia nini?"

"Namsikia mke wangu." Akapangusa mwiko wake wa ujenzi ingawa ulikuwa safi. "Na mtu anamjibu."

Justina hakuficha tena. Alikwenda kwa Mchungaji akasema kaburi la mama yake lifukuliwe. Kama mwili umo, atanyamaza maisha yake yote. Kama haumo, kanisa likamtoe mama yake kule alikofungwa. Habari ikatembea kijijini haraka kuliko gari. Kufikia mchana vijana walikuwa wamesimama mbele ya duka la mzee Eliudi. Mmoja wao alikuwa na galoni la petroli, akidai ni la pikipiki.

Mchungaji akaita kikao kanisani. Lakini kwanza alichukua ufunguo kwa Eliudi, aliyeutoa bila ubishi, akaenda Tunduma na Yesaya kufungua chumba. Wakarudi alasiri. Walikuta magunia ya maharage. Walikuta mkeka. Na juu ya mkeka, kata moja, ile ya kuweka kichwani ukibeba mzigo, imesokotwa kwa majani ya mgomba.

"Ya mpagazi," Mchungaji akasema.

"Ilikuwa mbichi," Yesaya akasema. "Majani ya kijani kabisa." Akakaa chini.

Eliudi alisimama mwenyewe bila kuitwa. Amezeeka, na alijishikilia kwenye benchi.

"Mwanangu Justina," alisema, "mimi nilimzika mama yako kwa mikono hii. Fukueni. Sikatai. Lakini nani kati yenu atanilinda, mkikuta chochote kile?"

Nje tuliwasikia vijana.

Mchungaji akasema polepole, kama mtu anayekata nyama yake mwenyewe. Tukifukua tukakuta mwili, tutakuwa tumemvunjia marehemu heshima na kumchafua mzee bure. Tukikuta mgomba, Eliudi atachomwa moto kabla jua halijazama, na baada yake watatafuta mwingine, na mwingine, wazee wote wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Akasema huenda aliyeongea ni pepo aliyeiba sauti, akatafuta mtu wa kumkaribisha kwa jina, akampata. Akasema lolote litakalotoka mle halitatuletea heri.

Nilimsikiliza, na kila neno lilikuwa na akili. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Justina akainuka.

"Mchungaji. Ulinituma nikaokoe watu nisiowajua."

"Ndiyo, binti yangu."

"Nikaenda. Nikapiga magoti kwenye vumbi la watu. Wote walionifukuza niliwabariki." Sauti yake haikupanda. "Huyu ninamjua. Amesema yeye si wake. Ameomba, amesema amina, na wifi ni shahidi. Ninyi mnasema nimwache?"

Wakanigeukia. Nikasema nilichokisikia, chote. Sikujaribu kukipunguza. Hakikusaidia kitu, kwa sababu hakuna aliyesema ninaongopa. Waliniamini. Waliniamini wote, na bado wakaamua.

Waliamua kaburi lisifukuliwe, bali lijengewe. Zege juu na pande zote, ili asiwepo wa kulifukua, awe na nia njema au mbaya. Waliamua chakula kisiwekwe tena nje. Waliamua Eliudi aache uzee wa kanisa, kimya kimya, bila kutajwa sababu. Mchungaji aliomba, watu wakatoka, vijana wakatawanyika wakiona aibu, na yule mwenye galoni akatia petroli kwenye pikipiki yake kweli.

Kazi ya zege walimpa Yesaya. Walisema ni kwa sababu ni fundi. Nadhani ni kwa sababu walijua akijenga mtu mwingine, Justina atabomoa.

Mdogo wangu alifanya kazi peke yake. Alikataa kibarua. Nilimpelekea chai, nikamkuta amesimama katikati ya kazi, koleo mkononi, amegeuza kichwa pembeni kama mtu anayesikiliza. Aliponiona akaendelea kuchanganya kwa nguvu, kokoto zikipiga kelele. Unene wa zege lile ni wa kubeba ghorofa. Nikamuuliza kwa nini nene namna hiyo. Akaniambia nimpishe.

Justina alifika jioni, hajavaa viatu. Akalizunguka kaburi lote, akasimama upande wa kichwa.

"Umeweka nondo?"

"Nimeweka, mke wangu."

"Nyingi?"

Yesaya akaangalia mikono yake. "Nyingi."

Justina akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Sijamwona akilia tangu siku hiyo, na hajawahi kwenda tena kushuhudia popote.

Zege linataka maji ili likomae. Lisipomwagiliwa hupasuka. Yesaya alirudi nyumbani akaugua homa, akalala amegeukia ukuta, na hakuna mwingine kijijini aliyekubali kusogea makaburini. Aliyechota maji mtoni akalimwagilia, asubuhi na jioni, mpaka likawa gumu kama jiwe, ni Justina.